Jumanne Saa Kumi Jioni

Kama umeoa, umeolewa au umeozesha Igoma, hapa Mwanza, miaka hii ya karibuni, basi Odeta amewahi kukusumbua. Huyo ndiye katibu wa kamati za harusi aliyeshindikana. Wenzake wakipewa orodha ya watu wa kuchangisha huwatumia ujumbe saa yoyote inayowajia, halafu wanalalamika kwamba watu siku hizi hawana utu. Odeta alikuwa anawacheka. Mtu akiwa mwalimu, alimsubiri mshahara uingie, na hakumwandikia siku hiyohiyo, maana siku hiyo mke naye yuko macho. Alimwandikia kesho yake saa nne, wakati wa chai, mtu akiwa amekaa na wenzake na anaona aibu kuonekana bahili. Mwenye duka alimwandikia jioni akishafunga. Fundi wa gereji hakumwandikia kabisa. Alimfuata palepale chini ya gari, akamsemesha akiwa hawezi kukimbia.

Sasa mtu wa namna hiyo, anayejua binadamu analainika saa ngapi, Mzee Luhende angemwachaje? Luhende alikuwa mwalimu mstaafu, na alikuwa na shirika lake dogo linaloitwa Tusemezane. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Igoma, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, lakini moyo wa shirika ulikuwa Usagara, kwenye bweni la wasichana viziwi arobaini na sita waliosoma shule ya msingi ya jirani. Kwa miaka tisa bweni hilo lililishwa na mfadhili mmoja wa ng'ambo. Januari mwaka huu mfadhili akaandika barua ya nusu ukurasa: amebadili mipango yake, anawatakia kila la heri. Kilichobaki kingefika mwisho wa Septemba, zaidi ya hapo hakuna.

"Tuna anwani za barua pepe mia sita na ushee," Luhende alimwambia Odeta siku ya kwanza kazini. "Watu waliowahi kutuchangia miaka ya nyuma. Wengine wako Dar, wengine Dodoma, wengine nje huko. Mimi nikiwaandikia hawajibu."

"Mwalimu, huwa unawaandikia saa ngapi?"

"Nikipata nafasi."

"Ndiyo maana," Odeta alisema, na alisema kwa furaha kabisa, masikini, kwa sababu aliona ugonjwa anaujua na dawa anayo.

Kabla sijaendelea, uelewe alichokuwa anakipigania, maana si majengo. Alikuwa anampigania Apiyo. Basi tu, wote arobaini na sita walikuwa wake, lakini moyo una mtu wake. Apiyo alikuwa darasa la saba, mtoto wa ziwani kule Rorya, na alifika Usagara akiwa na miaka saba bila lugha yoyote duniani. Nyumbani kwao walimwita kwa kumvuta nguo. Akitaka maji alikwenda akagusa mtungi. Hakuna aliyemtesa, tusiwasingizie watu. Hawakujua tu la kufanya naye. Bwenini alijifunza lugha ya alama, na ilipomkolea, jamani, yule mtoto hakunyamaza tena. Mikono yake ilisengenya walimu, ilibishana na matroni, ilitunga hadithi za uongo mtupu. Odeta alipokwenda mara ya kwanza kupiga picha alijifunza alama tano, na Apiyo akamkosoa nne. Tangu siku hiyo kila mwezi alikwenda kukosolewa zaidi.

Shirika lilizoea kuwaweka bwenini waliomaliza la saba mpaka liwapatie sekondari ya viziwi. Bweni likifungwa, Apiyo angerudi Rorya, kwenye nyumba ambayo hakuna mtu hata mmoja anayejua alama ya maji.

Luhende alikuwa na amri moja tu. Wasichana wasiambiwe. Tisa kati yao walikuwa wanafanya mtihani wa darasa la saba Septemba, na mtoto mwenye hofu hafanyi mtihani. "Wakishamaliza karatasi ya mwisho, nitawaambia mwenyewe," alisema. "Kabla ya hapo, anayefungua mdomo tutakosana."

Odeta akaingia kazini. Machi alituma barua Jumatatu asubuhi na mapema. Mtambo wa kutuma barua, ule wa bure, ulimwonyesha idadi ya waliofungua na saa waliyofungua. Majina ungeyapata ukilipia, na nani alipie? Wakafungua wawili, mmoja akiwa Odeta mwenyewe. Akajicheka. Jumatatu asubuhi, nani anataka shida za watu? Akajaribu Jumapili baada ya misa, roho zikiwa bado safi: watatu. Akajaribu siku ya mshahara: wawili. Akajaribu Ijumaa jioni, akajilaumu hata kabla hajabonyeza, maana Ijumaa jioni fedha ya mtu ina ahadi tayari.

Kila barua alipeleka kwa Luhende kwanza, mzee akaisoma kwa kalamu nyekundu. Barua zenyewe zilikuwa nzuri. Kiswahili juu, Kiingereza chini, picha ya wasichana wanacheka, habari za bustani ya mchicha na mashindano ya netiboli. Kuomba aliomba kwa mbali, kwa adabu, mstari mmoja mwishoni. Akawa anarudi nyumbani Igoma usiku umeingia, anakula wali wa baridi huku akifikiria binadamu mia sita wako wapi.

Halafu Juni ikaja, na neema ikaja nayo. Wiki moja tu orodha ilipata watu wapya thelathini na moja. Hakuwatafuta yeye! Walijiandikisha wenyewe kwenye tovuti, pale palipoandikwa "Jiunge upate habari zetu". Anwani zao hakuzisoma moja moja, nani anasoma anwani? Aliona namba imepanda, akapiga kigelegele peke yake ofisini mpaka muuza vipuri chini akauliza nani kaolewa.

Na hao wapya walikuwa wasomaji kweli. Barua aliituma Alhamisi. Jumanne iliyofuata, saa kumi jioni, ikafunguliwa mara thelathini na zaidi ndani ya saa moja. Ya pili aliituma Jumapili. Wakaifungua Jumanne saa kumi. Ya tatu aliituma Jumamosi, makusudi, kuwapima. Jumanne saa kumi! Mchoro kwenye kompyuta ulikuwa umelala chini wiki nzima, halafu Jumanne jioni unainuka kama kichuguu.

"Unaona, Mwalimu?" alimwambia Luhende, kidole kikiwa juu ya kioo. "Hawa ni watu wa maofisini. Jumatatu wanazama kwenye kazi. Jumanne mchana wanamaliza la wiki iliyopita. Saa kumi bosi kaondoka, wao wanavuta muda, wanafungua vitu vyao. Nimewapata."

Luhende alikuna kidevu. "Wote kwa pamoja?"

"Binadamu ni wamoja, Mwalimu. Niulize mimi."

"Na mbona hawachangii?"

Hilo swali lilimuuma, lakini jibu alikuwa nalo. Hawachangii kwa sababu hawajaombwa. Wamepewa mchicha na netiboli, wamefurahi, wamefunga. Hata kwenye harusi mtu haombwi kwa kuonyeshwa picha ya bwana harusi anacheka; anaambiwa ukumbi haujalipiwa na siku zimebaki kumi. Waambiwe ukweli mzima, na waambiwe saa yao, saa ile wameketi na macho yako wazi. Alisema hivyo akiwa amesimama, na mzee akamsikiliza, kwa sababu mzee naye hakuwa na lingine.

Barua hiyo aliiandika kwa siku nne, mwisho wa Agosti. Sitakudanganya, iliandikwa na mtu anayejua. Ilisema bweni linafungwa tarehe thelathini Septemba. Ilisema chakula kilichobaki kinatosha mpaka siku hiyo. Ilimtaja Apiyo kwa jina, na picha yake akiwa mikono juu, katikati ya hadithi, na chini ya picha: "Huyu akirudi kwao hatakuwa na mtu wa kuongea naye. Wasichana wenyewe bado hawajui. Tunawaficha mpaka wamalize mtihani, na kila siku wanatuuliza muhula ujao watalala chumba kipi."

Luhende aliisoma mara mbili, kalamu nyekundu haikugusa kitu. Akavua miwani.

"Hii isije ikawafikia watoto."

"Itawafikiaje, Mwalimu? Inakwenda kwa wafadhili."

Mzee akakubali kwa kichwa. Na mimi nakuuliza, wewe ungekataa?

Jumanne hiyo Odeta hakula mchana. Saa tisa na nusu aliosha uso, saa tisa na dakika hamsini akakaa mbele ya kompyuta, na saa kumi kamili akabonyeza. Akaomba kwa sauti, "Mungu wangu, leo tu." Namba ikaanza. Wanne. Tisa. Kumi na tano. Akamwita Luhende aje aone. Ishirini na mbili, ishirini na nane. Mzee alisimama nyuma ya kiti amekishika kwa mikono miwili. Dakika ya arobaini ikawa thelathini na tatu, ikasimama pale. Haijawahi kufika thelathini na tatu! Odeta akageuka, macho yamelowa, akamshika mzee mkono, na kwa muda mfupi wote wawili walikuwa watu waliookoa bweni.

Wakasubiri jibu. Simu ikaita.

Alikuwa Nkwabi, kijana aliyejitolea kuwafundisha wasichana kompyuta, zile kompyuta sita kuukuu zilizotolewa na kanisa fulani la Nyakato. Odeta alimjua kwa jina na salamu tu. Ofisi na bweni vilikuwa mbali, kila mmoja na shughuli zake.

"Dada Odeta, umetuma nini?"

"Barua kwa wafadhili. Kwani vipi?"

"Watoto wameisoma."

"Watoto gani?"

"Darasa langu, dada. Wote. Mwezi wa sita niliwafundisha kufungua barua pepe, kila mmoja anwani yake. Sasa wakawa hawana wa kuwaandikia, barua wanafungua hakuna kitu. Nikawaambia wajiunge na habari za shirika letu, wapate hata kitu cha kusoma. Kila Jumanne saa kumi tukiwasha mashine ndiyo wanaanza nayo. Wanapenda kujiona kwenye picha. Apiyo kajiona leo. Dada, njooni. Mimi siwezi peke yangu."

Odeta hakumwambia Luhende kwa maneno. Alimpa simu, mzee akasikia mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha Odeta, mbele ya ile namba thelathini na tatu. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Tafuta gari."

Walikodi teksi. Usagara walifika giza linakaribia. Chumba cha kompyuta kilikuwa na watu wote, wadogo wamesimama ukutani, wakubwa kwenye mabenchi, na mashine zote sita zilikuwa zinaonyesha picha moja. Mtu asiyewajua angesema wametulia. Hawakutulia, hakuna mkono uliokuwa unasema kitu, na kwa wale watoto hilo ni jambo la kutisha kuliko kelele. Wadogo wawili walikuwa wanalia bila kujua wanalilia nini, kwa sababu wakubwa walilia.

Luhende alisimama mbele akawaambia kwa alama, polepole, kwamba ni kweli, kwamba alitaka wamalize mtihani kwanza, kwamba amekosea, wamsamehe. Wao walikuwa wanamtazama Odeta.

Apiyo akainuka. Odeta alijiandaa kwa hasira, na hasira angeipokea, aliistahili. Lakini Apiyo hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule uso wake wa hisabati, kwa sababu hisabati aliipenda kuliko kitu chochote. Aliuliza kwa alama ndogo, karibu na kifua, na Nkwabi akatafsiri ingawa Odeta alikuwa ameshaelewa.

"Anauliza, waliosoma barua ni wangapi?"

Swali zuri, si ndiyo? Mtoto alikuwa ameelewa kazi ya barua kuliko sisi wote. Barua imekwenda kwa watu, watu wakisoma watasaidia, basi ni wangapi wamesoma? Odeta akaona hapa ana kitu cha kumpa. Akainua mikono, akaonyesha: thelathini na tatu. Hata alijaribu kutabasamu.

Apiyo akageuka. Akaanza kuhesabu wenzake kwenye mabenchi, kidole kikigusa hewa mbele ya kila uso, bila haraka. Wa darasa la nne hadi la saba, wale wenye anwani. Akajihesabu na yeye: thelathini na moja. Akamwonyesha Nkwabi, akauliza kwa nyusi. Nkwabi akainamisha kichwa. Ndiyo, naye alifungua. Thelathini na mbili. Kidole kikamfikia Odeta.

Odeta alikuwa amefungua moja, kuijaribu, kama kila mara.

Thelathini na tatu.

Kidole kilibaki pale hewani. Na Odeta, mwanamke anayejua watu wote wa Igoma wanalainika saa ngapi, ndipo alipojua kwamba miezi yote ile hakuna mtu aliyekuwa akimsoma. Mia sita walishahama anwani, au walishazeeka, au barua zinaishia kapuni bila kuguswa, Mungu anajua. Aliisoma saa yao kwa makini, akaandika kwa machozi, akaomba, akabonyeza, na aliyeombwa msaada kwa ajili ya Apiyo alikuwa Apiyo.

Mtoto aliuliza kitu kingine. Nkwabi akatafsiri.

"Anasema, nyumbani nitaongea na nani?"

Odeta alilia mbele yao wote, kwa sauti, na ni yeye na Luhende na Nkwabi tu waliosikia.

Nisikuchoshe na yaliyofuata. Walihangaika, usidhani waliketi. Odeta alipanda ngazi za ofisi za watu mjini, alisimamishwa nje ya milango, aliambiwa aache barua mapokezi, aliacha. Kamati zake za harusi zilimchangia unga wa wiki mbili, Mungu awabariki, na unga ukaisha. Mtihani wote tisa walifanya. Apiyo alimwambia Nkwabi kwamba hisabati amemaliza wa kwanza, na karatasi ya Kiswahili ameandika namba yake ya mtihani akaiweka kalamu chini. Nkwabi akamuuliza kwa nini. Akajibu kwamba lugha ni ya wenye kuongea.

Siku ya kufunga, ndugu walifika mmoja mmoja kuchukua watoto wao. Magodoro yalikuwa yamerundikwa uwanjani. Kwa Apiyo alikuja Odoyo, baba yake mdogo, mvuvi mrefu mwenye shati la kwendea kanisani, aliyesafiri tangu alfajiri kutoka Rorya.

"Shikamoo, baba," Odeta alimwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja chukua mtoto wetu. Amekuwa mkubwa kweli, bwana!" Alimshika Apiyo kichwani kwa upendo, Apiyo akamwangalia midomo. "Sasa, mwalimu, wewe ndiyo unajua lugha yake. Mwambie mama yake anamsalimia sana. Na mwambie amepata mdogo wake, wa kike. Anaitwa Princess. Ana miezi mitatu."

Odeta alimwambia. Mama anakusalimia. Una mdogo wako, msichana, miezi mitatu.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne, uso wa Apiyo ukafunguka. Mfuko aliushusha chini ili apate mikono yote miwili. Aliuliza swali moja, haraka haraka, akarudia tena kabla Odeta hajajibu, macho yanang'aa.

"Anasemaje?" Odoyo aliuliza, naye anacheka kwa kumwona mtoto amefurahi.

"Anauliza kama huyo mtoto anasikia."

"Anasikia!" Odoyo alisema, tena kwa nguvu, ili mtoto wa watu asiwe na wasiwasi. "Mwambie asiogope kabisa. Huyu anasikia vizuri sana, Mungu ametukumbuka. Ukigusa sufuria tu, anashtuka!" Akapiga makofi mara moja hewani kuonyesha, akarusha mabega kama mtoto aliyeshtuka, akacheka tena.

Apiyo aliyaona yale makofi na ule mruko. Hakungoja Odeta amwambie. Aliinama, akachukua mfuko wake kwa mikono yote miwili.